Fundi, ninunue grenda? Hapana mwanangu, nunua kinoo

Swali lenyewe limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Mimi ni nesi, nimepanga vyumba viwili Tabata, nyuma kuna kibaraza kidogo natumia peke yangu. Nataka nijifunze useremala siku zangu za ofu, nianze na vitu vidogo vidogo baadae nifike kwenye shelfu na meza. Nina laki mbili. Rafiki yangu kanishauri ninunue grenda na bledi ya mbao maana inakata haraka. Nilishajaribu stuli kwa kufuata video, ikawa inayumba, nikakata mguu mmoja ikayumba upande wa pili, nikakata tena, sasa hivi imekuwa fupi kama mbuzi ya kukunia nazi. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo stuli usiitupe, tutairudia mwishoni. Pili nimecheka lakini sio kwa kukucheka wewe, nimecheka kwa sababu hakuna fundi hata mmoja ambae hajawahi kukimbizana na mguu wa stuli mpaka ikabaki ya kukalia paka.

Tuanze na grenda maana hiyo ndio inanitisha. Grenda imetengenezwa kwa ajili ya chuma na mawe. Ukiifunga bledi ya meno ya kukatia mbao, ikikutana na kifundo au mbao ikibana, mashine nzima inaruka kuelekea kwako na mkono mmoja hauwezi kuizuia, na ile kava ya kuzuia watu wengi wanaitoa ili bledi kubwa iingie. Wewe unafanya kazi hospitali, waulize wenzako wa chumba cha vidonda wakwambie habari za grenda. Najua mafundi wengi mtaani wanaitumia na wana vidole vyote kumi, lakini nawajua pia wenye tisa. Na hata tukiacha hatari, kwa nyumba ya kupanga kelele ya grenda saa tatu asubuhi Jumapili ni wiki moja tu mama mwenye nyumba ashakuita. Kwahiyo achana nayo, kabisa.

Sasa jambo lenyewe ninalotaka ulishike ni hili, stuli yako haikuyumba kwa sababu ulikosa mashine. Kama sakafu yako iko sawa, iliyumba kwa sababu moja kati ya mbili au zote pamoja: mbao ilikuwa mbichi, au pembe hazikuwa pembe mraba. Mashine haikutibu hapo, inakufikisha kwenye kosa lile lile mapema zaidi. Kwahiyo mtu anaeanza anatakiwa ajue vitu vitatu tu, kuchagua mbao iliyokauka, kunoa, na kuhakikisha skwea, yaani pembe ziwe pembe mraba. Vingine vyote vinakuja vyenyewe njiani.

Mbao. Hapa Dar ukienda kununua Buguruni au popote wanapouza utaambiwa mninga, mkongo, mtiki, paini, mkaratusi. Wewe chukua paini, ile ambayo wengine tunaita msindano, nyingi inatoka Mufindi huko kwenye msitu wa Sao Hill. Ni laini, inakatika kwa msumeno wa mkono bila kutoa jasho la damu, na ukiharibu hulii. Mninga ni mzuri, mimi naupenda kuliko mbao zote na harufu yake ukiuranda inakaa kwenye nguo mpaka jioni, ila ni wa gharama na sio wa kujifunzia. Mtiki wa Longuza au Mtibwa nao mzuri ila utasubiri. Mkaratusi kwa fenicha kaa nao mbali kwanza, unajipinda na kupasuka hata ukiwa umeshapigwa misumari, wenyewe una hasira zake.

Alafu ujihadhari, kuna paini inayouzwa ya kijanijani, imepigwa dawa ya mchwa kwa ajili ya kupaua nyumba. Hiyo dawa mara nyingi ni ile yenye shaba, kromiamu na aseniki, sio ya kutengenezea kigoda cha jikoni wala kibao cha kukatia nyama, na vipande vyake usije ukavitia kwenye jiko hata siku moja, moshi wake ni sumu. Hata maranda yake usiwape majirani wanaofuga kuku, na watakuja kuomba tu, jiandae.

Ukishaichagua mbao, inyanyue upande mmoja, ichungulie kwa urefu kama mtu anaelenga manati, utaona kama imepinda au imejisokota. Iliyosokotwa iache hapo hapo hata ukipunguziwa bei. Kisha igonge kwa kifundo cha kidole. Kavu inaitika ko ko ko, mbichi inasema bu. Na mbichi ni nzito, ina ubaridi ukiilaza shavuni, wauzaji watakushangaa lakini we ilaze tu. Ukitaka uhakika zaidi, ukifika nyumbani kata kipande kidogo ukipime kwenye mizani kwa Mangi hapo dukani, andika uzito, kiweke ndani, baada ya wiki kapime tena. Kama kimepungua bado ina maji. Ukiona wiki mbili mfululizo uzito haushuki, fanya kazi. Kwa kawaida mafundi tunahesabu kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene kwa mbao inayokaushwa kwa hewa tu, lakini muuzaji gani atakae kukutunzia mwaka mzima, kwahiyo nunua mapema, panga ndani kwako chini ya kitanda ukiwekea vijiti katikati ya mbao na mbao hewa ipite, iache hata mwezi.

Kwanini nasisitiza hivi? Mbao ikikauka inasinyaa kwa upana, kwa urefu haisinyai kiasi cha kukuhangaisha. Zamani kabla sijakomaa nilimtengenezea mteja mmoja meza ya mninga, muuzaji kaniapia kwa Mungu kuwa mbao ina miaka miwili. Nikaunganisha uso wa meza mbao tano, chini nikapitisha mkanda wa kukatiza nikagongelea misumari na gundi kila mahali kama napigilia jeneza. Miezi miwili mitatu kiangazi kikakolea, ile meza ikalia usiku, mteja anasema alidhani bunduki. Imepasuka katikati toka mwanzo mpaka mwisho. Mbao ilitaka kusinyaa, mimi nimeibana isisogee, ikachagua kupasuka. Ilirudi kwangu juu ya guta, mtaa mzima unaangalia. Wanasema samaki mkunje angali mbichi, sawa, ila mbao ukiishika ingali mbichi yenyewe ndio itakukunja.

Vifaa sasa, na laki yako mbili. Msumeno mmoja wa mkono, wenye meno madogo kiasi. Misumeno mingi ya siku hizi ncha za meno zimeunguzwa zina weusi, hiyo haikubali tupa, ikiisha makali imekwisha, lakini kwa kuanza inatosha sana. Randa moja ya chuma, ya mtumba ikiwezekana, za mtumba za Ulaya chuma chake ni kigumu kuliko mpya nyingi za bei chee. Patasi mbili, ya nusu inchi na ya inchi moja. Nyundo. Skwea, kile kifaa cha kupimia pembe mraba. Tepu. Penseli na kisu cha kuchorea mstari. Kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na laini. Drili kama hela imebaki, isipobaki azima kwa fundi umeme wa mtaani kwako, wote wanazo. Klampu usinunue kwanza, nenda kwa fundi baiskeli omba tyubu mbovu, zichane ziwe mikanda mirefu, ukizungushia mbao ulizopaka gundi huku unavuta, zinabana kiasi kwamba gundi inatoka pembeni. Mimi ninazo klampu za kutosha na mpaka leo bado natumia tyubu kwenye kazi zenye kona mbaya.

Kabla hujalipia skwea dukani ijaribu. Iweke kwenye ukingo ulionyooka wa kipande cha mbao au boksi, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine kuanzia pale pale. Mistari ikilaliana, nzuri. Ikiachana kama miguu ya panya, rudisha kwenye kabati, chukua nyingine. Nimeshapitia skwea sita kwenye duka moja nikapata moja tu ya kweli, na muuzaji amenuna. Na ile ndoano ya mbele ya tepu ukiona inachezacheza usiigonge ikaze, imewekwa hivyo makusudi, inasogea kiasi cha unene wake ili ukipima kwa ndani na kwa nje namba ziwe sawa. Nilikuwa na kijana wangu wa kazi aliikaza kwa nyundo, tukakata milango miwili ya kabati ikagoma kufunga ndio tukagundua.

Kunoa. Hapa naomba utulie maana ndio penyewe. Patasi mpya haina makali, imechongwa tu kiwandani, na watu wengi wanaanza kuitumia hivyo hivyo alafu wanasema useremala unataka nguvu za mwanaume. Hautaki, unataka makali, na randa inasukumwa na uzito wa mwili na miguu, sio misuli ya mkono. Sasa chukua kinoo, kilowanishe maji. Laza mgongo wa patasi, ule upande bapa, ukiwa umelala kabisa, sugua mpaka pale mbele karibu na ncha pang'ae sehemu yote bila kovu. Hiyo unafanya mara moja tu kwa maisha ya patasi. Kisha geuza, laza ule mteremko kwenye jiwe mpaka usikie umekaa, yaani hautikisiki mbele wala nyuma, inyanyue mkia wake kidogo sana kama unene wa shilingi, kisha vuta na kusukuma bila kubadilisha mwinamo. Mwinamo ni kama digrii 25 mpaka 30, lakini usihangaike na namba, hangaika na kutoubadilisha. Baada ya dakika chache pitisha kidole kwa nyuma, kutoka mgongoni kwenda nje, usikipitishe kando ya makali, utahisi kinyuzi cha chuma kimejikunja upande huo kwa upana wote. Ukikihisi hapo ndio umefika. Hamia upande laini wa kinoo, rudia, kisha laza tena mgongo uvute mara mbili tatu kile kinyuzi kikatike. Jaribu kwenye karatasi, ishike hewani kwa mkono mmoja uikate kwa patasi. Ikipita bila kurarua, twende kazini. Bledi ya randa ni hivyo hivyo.

Siku ya kwanza hiyo kazi itakuchukua saa nzima na vidole vitakuwa vyeusi. Siku ya kumi itakuchukua dakika tano. Na kovu hili nililonalo kwenye kidole cha shahada mkono wa kushoto nililipata kwa patasi butu, sio kali, kwa sababu butu unaisukuma kwa nguvu ikikwepa inakwepa na nguvu yote. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali siku zote, siku zote, hata kwa kakipande kadogo.

Kazi ya kwanza nakupa kigoda cha jikoni, sio stuli ya miguu minne. Miguu minne ina sehemu nyingi za kukosea. Hiki kina mbao tano tu. Nunua paini moja kwa nane, yaani unene inchi moja na upana inchi nane, urefu futi 12, mwambie jamaa wa mashine airande pande zote mbili hapo hapo sokoni, hakuna aibu hata sisi tunafanya hivyo. Kata uso inchi 16. Kata miguu miwili ya ubao inchi 11 kila mmoja, nyuzi, ile mistari ya mbao, zikisimama wima. Kisha kipande cha inchi 14 kichanwe katikati kwa urefu, hapo unapata mikanda miwili ya kushikilia miguu mbele na nyuma. Jumla kigoda kimoja kinakula inchi 52, kwahiyo ubao wako unatoa viwili, na zaidi ya futi tatu zinabaki za kufanyia majaribio, na hayo majaribio usiyaruke.

Miguu yote miwili pimia kwa pamoja. Usipime inchi 11 mara mbili kwa tepu, kata mmoja, uhakikishe skwea, kisha ulaze juu ya wa pili uchoree humo humo. Tepu ina uongo mwingi kuliko kupima mbao kwa mbao. Mstari uchore kwa kisu sio penseli peke yake, kisu kinakata nyuzi za juu na msumeno hautararua. Na msumeno unakula, karibu milimita mbili hivi, kwahiyo uweke upande wa kipande cha kutupa, mstari wako ubaki unauona baada ya kukata. Ukikata juu ya mstari umeshapoteza.

Juu ya kila mguu, kwenye kona zote mbili, chimba pango la kukaa mkanda, kina sawa na unene wa mkanda na urefu sawa na upana wake. Msumeno unashuka kwanza upande mmoja, kisha patasi inatoa kilichobaki kidogo kidogo, nusu kutoka huku nusu kutoka kule, ukitoboa yote kutoka upande mmoja nyuma patang'oka kipande kama meno ya mtoto. Mkanda uingie kwa kuusukuma kwa kiganja. Ukiingia kwa nyundo umebana mno utapasua, ukianguka wenyewe umelegea, na ndio maana nimekubakizia zile futi tatu.

Kwenye kuunga paka gundi nyeupe ya mbao, si lazima iwe nyingi, isambae tu, ingiza mikanda, funga tyubu. Sasa kabla haijakauka pima kutoka kona mpaka kona kwa mshazari, kisha mshazari wa pili. Vipimo vikilingana, skwea iko sawa. Kama kimoja kirefu, bana kwa mkono kona zile za kirefu mpaka zilingane, acha mpaka kesho yake. Uso ndio wa mwisho, gundi na misumari ya inchi mbili au skrubu. Kama ni skrubu, toboa kwanza tundu jembamba, na skrubu isugue kwenye kipande cha sabuni, inaingia kama inateleza. Kama ni msumari, ugeuze kichwa chini uigonge ncha yake iwe butu kidogo. Najua inaonekana kichaa, lakini ncha kali inatanua nyuzi kama shoka na kupasua ubao mwishoni, butu inazivunja na kupita.

Kuranda kwa mkono utakutana nako kwenye kingo na pale mashine ilipoacha mawimbi. Angalia nyuzi zinapanda kuelekea wapi na ufuate huko huko, ni kama manyoya ya paka, ukienda kinyume yanasimama na mbao inachunika. Ukisikia randa inasema fyuuu na inatoa utepe mrefu uko sawa. Ikiruka ruka kwa kishindo, geuza mbao au urudi kwenye kinoo.

Msasa namba 80, alafu 120, ukipenda 180, kila mara kwa kufuata nyuzi. Vaa barakoa, hizo unazo kazini, vumbi la mbao sio la kuchezea, shirika la utafiti wa saratani la kimataifa liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1995, na sisi wazee tulikuwa tunapuliza tu kwa mdomo. Vanishi pakia hapo nje kwenye kibaraza, koti la kwanza ulichanganye na thina liwe jepesi, likikauka pitisha msasa mlaini, kisha la pili. Thina usiifungulie ndani wakati jiko la gesi linawaka, vyumba viwili ni vidogo mno kwa mambo hayo.

Ukishatengeneza vigoda viwili tengeneza cha tatu. Nasema kweli, kitu kile kile mara tatu kinafundisha kuliko vitu vitatu tofauti, maana cha pili unajua ulipokosea na cha tatu mkono unajua wenyewe. Baada ya hapo shelfu ya viatu, kisha shelfu ya vitabu, kina sentimita 25 mpaka 30 na ubao wa unene wa robo tatu inchi usiuache urefu zaidi ya sentimita 80 bila mshikio, utabonyea kama kamba ya nguo. Meza, ambayo kimo chake ni sentimita 75 hivi, isubiri mpaka ujue kutoa ulimi na tundu, yaani kuunga ncha ya mbao moja ndani ya tundu la nyingine. Hapo ukitaka mwalimu wa kukusimamia, VETA Chang'ombe wanafundisha useremala, waulizie kozi fupi zenye muda unaoendana na shifti zako. Au nenda Keko siku ya ofu, kaa kwenye karakana yoyote asubuhi nzima na soda yako uangalie tu, watu wale wanapenda kuulizwa, ila usiwaulize wakiwa kwenye msumeno wa mashine.

Sasa ile stuli yako. Kwanza ihamishie sehemu nyingine ya nyumba uone kama inayumba vile vile, inawezekana kabisa tatizo ni sakafu ya mwenye nyumba na wewe umekata miguu isiyo na hatia. Kama inayumba popote, isimamishe juu ya kitu bapa kweli, kioo cha dirisha au marumaru. Ule mguu unaoelea usiukate, uwekee vipande vya boksi chini mpaka stuli itulie na uso wake uwe sawa. Chukua penseli ilaze juu ya kakibao kenye unene unaozidi hizo boksi, kisha uzungushe kwenye miguu yote minne huku kibao kinateleza kwenye kioo, utapata mstari mmoja ulio kwenye kimo kimoja kwa miguu yote. Kata kwenye mstari huo, minne yote, mara moja, usiguse tena. Itashuka kama sentimita moja na nusu nyingine. Ikiwa fupi sana, fungia chuma cha kukunia mbele, uitumie kama ulivyoiita mwenyewe.